Samaki wa Bustani: Tupime Maji Kabla ya Kununua Dawa

Mwadui ni mji uliozaliwa na uchunguzi. Tangu Mkanada John Williamson alipogundua mwamba wa almasi mahali hapo mwaka 1940, kazi kubwa ya mji huu imekuwa kuosha, kuchuja na kukagua mawe, tani kwa tani, ili zipatikane karati chache. Changarawe haitupwi kabla ya kukaguliwa. Lakini samaki wa mapambo afapo katika bwawa la bustani, huko Mwadui au kwingineko nchini, mara nyingi hutupwa jalalani pasipo kuchunguzwa, na mwenye bwawa hukimbilia duka la dawa. Mwenendo huu ni hasara kwa mfugaji, na ni hatari kwa jamii nzima.

Dalili zenyewe si ngeni. Mapezi huoza, magamba husimama, tumbo hujaa maji, na vidonda vyekundu hutokea ubavuni. Mara nyingi mhusika ni bakteria aitwaye Aeromonas hydrophila. Mwingine, Flavobacterium columnare, huacha mabaka meupe juu ya ngozi na kuharibu matamvua. Ugonjwa wake ulielezwa mwaka 1922 kutokana na samaki wa mto Mississippi, Marekani. Aeromonas si mgeni aliyeingia usiku. Huishi katika maji baridi ya kila namna, na hata ndani ya utumbo wa samaki mzima. Basi swali la kuuliza si bakteria ametoka wapi, bali ni kitu gani kimempa nguvu.

Jibu, aghalabu, limo majini. Kuanzia Mei hadi Oktoba mvua karibu haipo katika Mkoa wa Shinyanga, na maji ni mali. Bwawa dogo halibadilishwi maji, ilhali samaki huendelea kulishwa. Mabaki ya chakula pamoja na kinyesi huzaa amonia, ambayo huzidi kuwa sumu maji yanapopata joto na kuwa na alkali. Isitoshe, maji ya joto hubeba hewa kidogo: katika usawa wa bahari, lita moja ya maji yenye nyuzi 20 za Selsiasi huweza kushika miligramu 9 hivi za oksijeni, yakifika nyuzi 30 hushika 7.5 tu. Mwani unaoyafanya maji kuwa ya kijani hutoa oksijeni mchana, lakini usiku huitumia. Ndiyo maana samaki huonekana alfajiri wakihema juu ya maji. Samaki aliyedhoofika hivyo hupoteza ute unaoikinga ngozi yake, na bakteria aliyekuwa jirani mtulivu hupata mlango.

Sasa tazama dawa inavyofanya kazi katika bwawa kama hilo. Anayefungua vidonge vya ampisilini na kuvimwaga majini hupoteza fedha, kwa kuwa Aeromonas kwa kawaida ana usugu wa asili dhidi ya dawa hiyo. Tetrasaikilini nayo hunaswa na kalsiamu na magnesiamu katika maji magumu, ikapungua nguvu. Dawa ikichanganywa katika chakula, samaki mgonjwa sana hali. Na baya zaidi, dawa huweza kuua bakteria wenye manufaa wanaoigeuza amonia isiwe sumu, hata maji yakazidi kuharibika.

Madhara hayaishii kwa samaki. Mwaka 1959 wataalamu wa Japani walionyesha kwamba bakteria wa kuhara damu na bakteria wengine wa utumbo huweza kupeana usugu dhidi ya dawa. Maji ya bwawa lililotiwa dawa humwagiwa mchicha, au hutiririka hadi lambo wanaponywesha ng'ombe. Dozi ndogo isiyoua bakteria wote huwachagua walio sugu, na hao hawatambui mpaka kati ya samaki, ng'ombe na mtoto wa binadamu. Taifa letu limekuwa na mpango kazi wa kupambana na usugu wa vimelea tangu 2017, na wa sasa ni wa 2023 hadi 2028. Hautafanikiwa iwapo bwawa la bustani litasahauliwa.

Wapo watakaosema kuwa samaki wa mapambo ni anasa, na kwamba maabara zina kazi muhimu zaidi. Hoja hii haina uzito. Bakteria hao hao huwashambulia perege wa mabwawa ya chakula na sato wa vizimba vya Ziwa Viktoria. Samaki wa mapambo wa Ziwa Tanganyika, nao, wamekuwa wakiuzwa nchi za nje kwa miaka mingi. Anayejifunza kutunza bwawa dogo amejifunza kutunza kubwa.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, afisa ugani wa kila wilaya, Kishapu ikiwemo, apewe vifaa vyepesi vya kupima oksijeni, amonia na alkali. Huko ng'ambo nilikosomea, mwanafunzi hakuruhusiwa kutaja dawa kabla ya kupima maji, na sharti hilo halihitaji utajiri. Pili, uwepo utaratibu unaoeleweka wa kupeleka vielelezo Mwanza, ambako zipo taasisi za uvuvi na maabara. Apelekwe samaki mgonjwa aliye hai, au aliyekufa muda huo huo akiwa katika barafu. Aliyekufa jana hutuonyesha bakteria wa uozo tu. Tatu, dawa za antibiotiki zisiuzwe kwa ajili ya samaki bila cheti cha daktari wa mifugo.

Wakati tukisubiri hayo, mwenye bwawa apunguze idadi ya samaki, apunguze chakula, aondoe mabaki, abadilishe sehemu ya maji kila apatapo nafasi, na amtenge mgonjwa katika maji yenye gramu 1 hadi 3 za chumvi kwa lita, ili kumpunguzia mzigo wa mwili. Asitie mkono wenye jeraha bwawani, kwani Mycobacterium marinum, aliyetambuliwa kwa samaki huko Philadelphia mwaka 1926, huleta vidonda sugu katika ngozi ya binadamu. Hatua hizi zina gharama ndogo kuliko dawa, na hazimwachii jirani bakteria sugu.