Anga ya Beijing imetakata, lakini ni nani aliyelipa gharama?

MNAMO Agosti 24, 2008, Samuel Wanjiru, kijana wa umri wa miaka 21, aliingia katika Uwanja wa Taifa wa Beijing akiwa peke yake mbele ya wenzake na kuipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika mbio za marathoni za wanaume. Alitumia muda wa saa 2:06:32, rekodi mpya ya michezo hiyo.

Miezi mitano kabla ya siku hiyo, Haile Gebrselassie wa Ethiopia, aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia ya marathoni wakati huo, alikuwa ametangaza kwamba hangeshiriki mbio hizo. Gebrselassie anaugua pumu na alihofia kuwa hewa ya Beijing ingemdhuru. Aliamua kukimbia mita 10,000 pekee.

Hofu yake haikuwa bure. Lakini kufikia siku ya mbio, Beijing iliyokuwa imemtisha ilikuwa imesitishwa kwa amri. Kuanzia Julai 20 mwaka huo, magari yenye nambari shufwa yaliruhusiwa barabarani siku moja, na yenye nambari witiri siku iliyofuata. Viwanda vilifungwa au kupunguza uzalishaji, na shughuli za ujenzi zikasimamishwa. Michezo ilipomalizika na wageni kwenda zao, mitambo iliwashwa tena na moshi ukarudi.

Ni vyema kukumbuka kisa hicho kila Beijing inapotajwa kuwa mfano wa jiji lililofaulu kusafisha hewa yake. Na kweli limefaulu. Swali ambalo takwimu za ufanisi huo hazijibu ni jinsi ushindi ulivyopatikana, na ni nani waliotakiwa kuulipia.

MFICHA MARADHI

Kwa miaka mingi, wakuu wa Beijing waliliita wingu la kijivu lililofunika jiji kuwa ukungu tu. Vipimo rasmi havikujumuisha chembechembe ndogo zaidi zinazotokana na moshi, zile zinazojulikana kwa kipimo cha PM2.5. Chembe hizo ni nyembamba mno kuliko unywele wa binadamu. Hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, huingia katika damu, na huhusishwa na maradhi ya moyo, kiharusi na saratani ya mapafu.

Mwaka 2008 ubalozi wa Marekani jijini humo uliweka mtambo wake wa kupima chembe hizo na kuanza kutangaza matokeo kila saa kwenye intaneti. Wakazi wakapata namna ya kulinganisha maneno ya serikali na yale waliyoyaona dirishani. Juni 2012, naibu waziri wa mazingira wa China, Wu Xiaoqing, alizitaka balozi za kigeni zikome kutangaza vipimo hivyo. Hata hivyo, maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Jiji lenyewe lilikuwa limeanza kutangaza takwimu za PM2.5 miezi michache kabla ya kauli hiyo, baada ya malalamiko mengi ya umma.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Kilio kilisikika Januari 12, 2013. Siku hiyo mtambo wa ubalozi ulionyesha fahirisi ya 755, ilhali kipimo chenyewe kiliundwa kikomee 500. Kiasi cha chembe kilifikia mikrogramu 886 kwa kila mita moja ya ujazo wa hewa. Wakati huo Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza kiasi hicho kisipite 25 kwa saa 24. Barakoa na mashine za kusafisha hewa ya nyumbani zikawa bidhaa za kugombaniwa.

Ikumbukwe kwamba hewa haina mlango wa nyuma. Kiongozi anaweza kuwa na maji yake, mboga zake na hospitali yake, lakini pua yake huvuta hewa ile ile anayovuta mfagiaji wa barabara. Huenda hii ni mojawapo ya sababu zilizofanya suala hili lishughulikiwe kwa kasi ambayo malalamiko mengine ya raia hayajawahi kuipata.

VITA VYATANGAZWA

Septemba 2013 serikali kuu ilitoa mpango wa taifa wa kupambana na uchafuzi wa hewa. Beijing ilitakiwa kuteremsha wastani wa PM2.5 wa mwaka mzima hadi mikrogramu 60 hivi kufikia 2017. Mwaka 2013 wastani huo ulikuwa karibu 90. Machi 2014, Waziri Mkuu Li Keqiang aliliambia bunge la nchi hiyo kwamba China inatangaza vita dhidi ya uchafuzi. Meya wa Beijing, Wang Anshun, alikuwa ameeleza kwa mzaha wa shingo upande kwamba akishindwa kutimiza lengo angetakiwa kupeleka kichwa chake.

Mambo matatu yalibadilika. Kwanza ni makaa ya mawe. Mwaka 2013 jiji lilichoma tani zaidi ya milioni 20 za makaa hayo. Mitambo mikubwa ya umeme ilibadilishwa ikatumia gesi asilia, na wa mwisho uliotumia makaa ulifungwa Machi 2017. Matanuri madogo ya kupasha joto mitaani na majumbani yakaondolewa mtaa baada ya mtaa.

Pili ni magari. Tangu 2011, mkazi anayetaka kusajili gari hulazimika kushiriki bahati nasibu ya nambari za usajili, na wengi husubiri miaka bila kufaulu. Badala yake jiji lilijenga reli. Mtandao wa treni za chini kwa chini, uliokuwa na urefu wa kilomita 200 hivi wakati wa Olimpiki, sasa umepita kilomita 800.

Tatu ni sheria. Sheria ya mazingira iliyoanza kutekelezwa Januari 1, 2015 iliruhusu faini kuongezeka kila siku hadi mchafuzi atakapokoma. Kabla ya hapo, viwanda vingi viliona ni nafuu kulipa faini ndogo kuliko kununua vichujio vya moshi.

Mgala muue na haki umpe. Kufikia 2017 wastani wa jiji ulikuwa 58, chini kidogo ya lengo lililowekwa. Mwaka 2021 uliteremka hadi 33, na kwa mara ya kwanza Beijing ikatimiza kiwango cha taifa cha wakati huo cha 35. Mwaka 2024 ulikuwa 30.5. Machi 2019, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP), lenye makao yake makuu Gigiri, Nairobi, lilitoa ripoti kuhusu miaka 20 ya juhudi hizo. Joyce Msuya wa Tanzania, aliyekuwa kaimu mkurugenzi wake mkuu, alisema mafanikio hayo hayakuja kwa bahati, bali kwa uwekezaji mkubwa wa muda, rasilimali na nia ya kisiasa.

BILI YAENDA KWA JIRANI

Hata hivyo, nia ya kisiasa ni kisu chenye makali pande zote mbili. Kiwanda kikubwa cha chuma cha Shougang, kilichoasisiwa 1919 magharibi mwa jiji, kilizimwa kufikia mwanzoni mwa 2011. Katika Olimpiki ya majira ya baridi ya 2022, wanamichezo walishindana kuruka kwa ski kando ya minara yake mikuukuu ya kupozea, na picha zake zikasambaa duniani. Picha hizo hazikuonyesha kwamba uzalishaji wa chuma haukukoma. Ulihamishiwa Caofeidian, pwani ya mkoa wa Hebei, ambao unaizunguka Beijing karibu pande zote.

Wakati huo Hebei ilizalisha takriban robo ya chuma chote cha China. Mkoa huo ulitakiwa kupunguza uwezo wa viwanda vyake vya chuma kwa tani milioni 60 kufikia 2017, na maelfu ya wafanyakazi wakapoteza ajira ili anga ya mji mkuu itakate. Umeme nao ni vivyo hivyo. Sehemu kubwa ya ule unaotumiwa Beijing husafirishwa kutoka mikoa mingine, ikiwemo Shanxi na Mongolia ya Ndani, ambako makaa ya mawe ndiyo nguzo ya uchumi. China kwa jumla bado huchoma zaidi ya nusu ya makaa ya mawe yote yanayochomwa duniani. Kwa kiasi fulani, basi, bomba la moshi limesogezwa mbali na macho ya mji mkuu.

Ukali wa jambo hili ulionekana wazi katika majira ya baridi ya 2017. Maafisa waliokuwa wakikimbizana na tarehe ya mwisho waliamuru mamilioni ya nyumba za vijijini kaskazini mwa China ziache makaa na kutumia gesi au umeme. Katika sehemu nyingi majiko ya makaa yaling'olewa kabla mabomba ya gesi hayajaunganishwa. Gesi yenyewe ikaadimika. Katika wilaya ya Quyang, Hebei, wanafunzi wa shule ya msingi walitolewa nje kusomea juani kwa sababu madarasa yalikuwa na baridi zaidi kuliko uwanja. Habari hizo zilipoenea, wizara ya mazingira ilituma barua ya dharura Desemba mwaka huo ikiruhusu maeneo yasiyo na gesi kurudia makaa.

Gesi ni ghali kuliko makaa ya mawe, na ruzuku ya serikali iliyowavutia wanavijiji ilipunguzwa baadaye. Mzee wa kijijini anayeishi kwa pensheni ndogo hulazimika kuamua ni saa ngapi atawasha joto usiku. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Msimu huo huo, ndani ya Beijing kwenyewe, swali la jiji hilo ni la nani lilijitokeza kwa namna ya kusikitisha. Novemba 18, 2017, moto ulizuka katika jengo lililokuwa makazi ya vibarua wahamiaji wilayani Daxing na kuua watu 19, wanane kati yao wakiwa watoto. Serikali ya jiji ilianzisha msako wa majengo yasiyo salama. Katika muda wa siku chache, maelfu ya wahamiaji walitimuliwa katika vyumba vyao, wengine wakipewa saa kadhaa tu kufungasha, huku baridi ikishuka chini ya nyuzi sifuri.

Waliofukuzwa ni wale wanaosambaza vifurushi, wanaopika mikahawani na wanaosafisha ofisi. Kwa kuwa cheti chao cha ukaazi ni cha vijijini walikotoka, hawana haki sawa ya shule na huduma za jiji. Jiji lilikuwa limejiwekea kikomo cha wakazi milioni 23, na msako ukaafikiana na azma hiyo. Zaidi ya wasomi 100 walitia saini barua ya wazi kulaani utimuaji huo. Mtu anaweza kuvuta hewa safi Beijing, almuradi aruhusiwe kuishi humo.

SAUTI ILIYOZIMWA

Februari 28, 2015, mwanahabari Chai Jing, aliyewahi kufanya kazi katika televisheni ya taifa, alitoa filamu ya uchunguzi kuhusu moshi wa China aliyoigharamia mwenyewe. Alieleza jinsi binti yake alivyogunduliwa kuwa na uvimbe kabla hajazaliwa, kisha akauliza ni kampuni zipi na ofisi zipi zilizozembea. Filamu ilitazamwa zaidi ya mara milioni 100 kwa siku chache. Waziri mpya wa mazingira, Chen Jining, aliisifu hadharani. Kabla ya wiki mbili kwisha ilikuwa imeondolewa kwenye tovuti za China.

Serikali iliyapokea malalamiko ya umma, ikayafanya sera, kisha ikamnyamazisha mlalamishi. Utaratibu huo unaweza kuleta matokeo ya haraka ambapo wakubwa na wadogo wanaumwa na kitu kimoja. Pale ambapo wanaoumia ni wanavijiji wa Quyang au vibarua wa Daxing pekee, hakuna anayelazimika kusikia. Kosa la Quyang lilirekebishwa kwa sababu habari zake zilivuja. Hakuna ajuaye ni makosa mangapi ya aina hiyo ambayo hayakupata wa kuyasimulia.

Kazi yenyewe pia haijakwisha. Wastani wa 30.5 ni mara sita ya kiwango cha mikrogramu 5 ambacho WHO imekuwa ikipendekeza tangu 2021. Gesi ya ozoni, ambayo hujitengeneza jua kali linapopiga moshi wa magari na viwanda, imekuwa kero ya majira ya joto, na haionekani kwa macho kama ulivyoonekana ukungu wa 2013. Hatari isiyoonekana huhitaji vipimo vya kuaminika zaidi. Kwa upande wake, Marekani iliacha kusambaza takwimu za mitambo ya balozi zake ulimwenguni Machi 2025, ikitaja uhaba wa fedha. Mkazi wa Beijing sasa hana budi kutegemea zaidi neno la serikali yake.

Miji inayokua Asia na Afrika itaendelea kutuma wajumbe kwenda kujifunza Beijing, na yapo mengi ya kujifunza: reli kabla ya magari, faini inayouma, na tarehe ya mwisho yenye jina la afisa anayewajibika. Lakini wajumbe hao wasiishie kwenye minara ya Shougang. Wapande gari moshi hadi vijiji vya Hebei katikati ya Januari, wabishe hodi, na waulize kama ndani kuna joto.