Ndoo, Katambuga na Mkono wa Kikaango

Kijana mmoja katika wasomaji wetu ametuuliza swali ambalo tumeona si haki kulijibu kwa faragha, kwa kuwa lagusa kila nyumba. Ndoo ya mama yake ilipasuka. Akapasha kisu moto, akakipitisha juu ya ufa, plastiki ikayeyuka na ndoo ikashikamana. Alipofanya vivyo hivyo kwa mkono wa kikaango uliovunjika, haukuyeyuka hata kidogo. Ulifanya weusi tu, ukatoa harufu mbaya. Je, vyote viwili si plastiki?

Naam, ni plastiki, lakini ni ndugu wasiofanana tabia. Vitu hivi, na mpira pia, vimefanyika kwa nyuzi ndefu zisizoonekana kwa macho. Mjerumani Hermann Staudinger alipolieleza jambo hili mwaka 1920, wengi katika wataalamu wenzake walilikataa. Mwaka 1953 akapewa Tuzo ya Nobel kwa ajili yake. Katika ndoo, nyuzi hizo zimelala pamoja kama makumbi, zimetatizana bila ya kufungwa. Zikipata moto huteleza, na zikipoa hushikana tena. Katika mkono wa kikaango zimefungwa mafundo kama jarife. Hazina pa kuteleza. Moto ukizidi, huungua. Bakelite, aliyoibuni Leo Baekeland huko Marekani mwaka 1907, ni ya jamaa hiyo.

Ama mpira, hapo kale ulikuwa utomvu usiotegemeka: jua likiwaka hulainika na kunata, baridi ikija hukakamaa. Charles Goodyear alihangaika nao miaka mingi, akafungwa kwa madeni, hata mwaka 1839 mpira aliouchanganya na salfa, yaani kibiriti upele, ulipogusa jiko la moto. Haukuyeyuka, bali ulikuwa kama ngozi. Salfa ilikuwa imezifunga nyuzi kwa mafundo machache, ndipo mpira ukavutika na kurudi. Maskini, alikufa mwaka 1860 akiwa bado na madeni. Kampuni ya matairi yenye jina lake iliundwa mwaka 1898, wala haikuwa yake. Kwa mafundo hayo, tairi kuukuu haliyeyushwi likamiminwa upya. Fundi hulikata kwa kisu, tukapata katambuga.

Sasa tuseme ambalo kijana hakuuliza. Wako wanaowasha jiko la mkaa kwa mfuko au kipande cha plastiki, maana hushika moto upesi. Jambo hili latutia hofu kuliko ndoo iliyopasuka. Mabomba ya maji, maganda ya nyaya za umeme na vitambaa vingi vya meza ni plastiki iitwayo PVC, ambayo zaidi ya nusu ya uzito wake ni klorini. Ikiungua hutoa hewa ambayo, ikikutana na unyevu wa macho na mapafu, hugeuka asidi kali. Tena moshi na majivu yake huweza kuwa na sumu ziitwazo dioksini, na mojawapo yajulikana kuwa yaleta saratani. Mama anayepepea jiko huuvuta moshi huo, na mtoto aliyembeba mgongoni huuvuta pamoja naye. Kisha majivu hutupwa kwenye bustani ya mchicha!

Chini ya vyombo vingi pana pembetatu yenye tarakimu. Namba 3 ndiyo PVC. Namba 1 ni chupa za maji ya kunywa, ambazo hulegea kabla maji hayajachemka. Mwenye kutia humo maji ya moto ya kutawadhia asubuhi ya baridi ameiona ikijikunja mkononi. Namba 2 na 5 ni ndoo na mabeseni mengi. Lakini kipande kilichovunjika mara nyingi hakina alama yo yote, kwa hivyo jikoni tusichome cho chote katika hivi. Vifuu na karara kavu huwasha vizuri.

Na mkono wa kikaango, ewe kijana, usiupashe moto tena. Mpelekee seremala, achonge mwingine wa mti na kuutia skrubu.