Bomu Halikuuliza Madhehebu

Kila vita inapouangukia mji wa Waarabu, huzuka miongoni mwetu watu wenye swali moja wanalolitanguliza mbele ya mengine yote: hao wanaokufa ni wa madhehebu gani? Tulilisikia Julai 2006 Beirut ilipokuwa ikipigwa. Tukalisikia tena tarehe 23 Septemba 2024, siku ambayo watu zaidi ya 490 waliuawa Lebanon kabla jua halijatua na kucha. Muulizaji hudhani kwamba analinda akida. Sisi tunasema halindi chochote. Anatafuta udhuru wa kuufunga mkono wake. Nasi hatutamjibu kwa hisia, bali kwa mambo yaliyotokea Lebanon kwenyewe, hasa katika vita ile ya 2006.

Tarehe 12 Julai mwaka huo wapiganaji wa Hizbullah walivuka mpaka, wakawaua askari wa Israel na kuwateka wawili. Kila mtu ana rai yake juu ya kitendo kile, nasi hatukushika kalamu kukitetea wala kukilaumu. Tunazungumzia kilichowafika raia kwa muda wa siku 34. Kesho yake tu uwanja wa ndege wa Beirut ulipigwa, na bahari ikafungwa. Hadi silaha ziliponyamaza tarehe 14 Agosti, watu zaidi ya 1,100 walikuwa wameuawa upande wa Lebanon, wengi wao raia, na karibu robo ya wananchi walikuwa wameyahama makazi yao. Roketi za Hizbullah nazo ziliua raia zaidi ya 40 ndani ya Israel, wakiwemo watoto wawili wa Kiarabu, ndugu wa tumbo moja, katika mji wa Nazareth. Roketi nayo haikuuliza.

Kuna neno moja ambalo msomaji wa Kiarabu analifahamu vyema: dahiya. Maana yake ni kitongoji tu, sehemu ya pembezoni mwa mji. Dahiya ya kusini mwa Beirut ni mitaa kama Harat Hreik, yenye maghorofa ya makazi, shule na maduka ya mikate. Lakini katika habari za dunia kitongoji hicho kiligeuzwa jina kikaitwa "ngome". Na ukishauita mtaa ngome, kila anayefia ndani yake amekuwa askari, hata akiwa mtoto wa kunyonya. Mwaka 2008 jenerali wa Israel, Gadi Eisenkot, alitangaza kuwa yaliyoipata Dahiya yatakipata kila kijiji kitakachorusha moto kuelekea Israel. Hivyo jina la mtaa wa watu likawa jina la mbinu ya kivita. Basi yule mwenzetu anayesema "hao ni Rafidha, waacheni" anafanya kazi ile ile ya jenerali, ila yeye anaifanya kwa Kiarabu fasaha.

Na tukubali, kwa ajili ya hoja tu, kwamba swali lake lina maana. Je, jibu lingekuwaje? Tarehe 15 Julai watu wa kijiji cha Marwahin, waliokuwa wakikimbia baada ya kuamriwa kuhama, walipigwa njiani wakafa 23, wengi wao watoto na wanawake. Marwahin ni kijiji cha Sunni. Tarehe 4 Agosti yalibomolewa madaraja ya kaskazini mwa Beirut, katika maeneo ya Wakristo, na wapita njia wakafa. Siku hiyo hiyo huko Qaa waliuawa vibarua waliokuwa wakipakia matunda, wengi wao Wakurdi wa Syria. Siku tatu baadaye lilianguka jengo la makazi katika mtaa wa Shiyah, Beirut, juu ya Mashia waliokuwa humo. Mwenye kutaka kugawa msiba huu kwa madhehebu atahitaji mizani ambayo hata aliyerusha mabomu hakuwa nayo.

Watu wa Beirut wenyewe hawakuwa na muda wa mizani hiyo. Kilikuwa kipindi cha likizo ya kiangazi, shule zilikuwa tupu, zikafunguliwa kwa wakimbizi. Sisi walimu tunalijua darasa: lina ubao na madawati, halina jiko wala pa kuoga, na vyoo vyake vilihesabiwa kwa watoto wa kutwa, si kwa familia zilalazo humo wiki baada ya wiki na wazee wao wenye kisukari. Waliokosa darasa walilala chini ya miti katika bustani ya Sanayeh, katikati ya mji. Hapo ndipo vijana walipoanzisha mtandao waliouita Samidoun, yaani waliosimama imara. Walikuwemo wanafunzi, watetezi wa mazingira na watu wa mrengo wa kushoto; kwa vipimo vya mimbari zetu, wengi wao tusingewapa hata kipaza sauti cha kutangazia msiba. Hao ndio waliohangaikia magodoro, dawa na chakula cha watu wasiowajua. Na maziwa ya watoto pia, maana tarehe 17 Julai kiwanda cha maziwa cha Liban Lait katika bonde la Bekaa nacho kilikuwa kimepigwa.

Nje ya Beirut ilikuwa vivyo hivyo. Rmeish, kijiji cha Wakristo karibu na mpaka, kiliwapokea maelfu kutoka vijiji vya Mashia vilivyokizunguka, hadi maji ya kunywa yakawaishia, wenyeji na wageni wakanywa ya bwawa la mashamba. Huko Saida, Wapalestina wa kambi ya Ain al-Hilweh, watu waliokuwa wakimbizi tangu 1948, waliwapokea Walebanoni waliokimbia nchini mwao wenyewe. Ni Masunni hao, ewe muulizaji.

Wakati huo wakubwa walikuwa na shughuli nyingine. Condoleezza Rice aliyaita yale uchungu wa kuzaliwa kwa Mashariki ya Kati mpya. Mkutano wa Rome wa tarehe 26 Julai ulimalizika bila kusimamisha vita. Na fatwa ya miaka ya nyuma ya Sheikh Abdullah bin Jibreen, ya kukataza kuinusuru Hizbullah, ilifufuliwa na kusambazwa. Baadaye Sheikh alieleza kuwa haikutolewa kwa ajili ya vita ile, lakini maelezo hayakukimbia kama fatwa ilivyokimbia. Na hata fatwa yenyewe ilizungumzia chama. Aliyeifanya hoja ya kumnyima godoro mjane wa Harat Hreik aliongeza lake.

Tunaambiwa: mnaisahau Syria? Hatuisahau. Syria iliwapokea Walebanoni kwa makumi ya maelfu mwaka 2006, kisha Hizbullah ikaingia vitani huko kumsaidia Bashar, na watu wa Madaya wakazingirwa mpaka wakafa njaa. Hiyo ni dhulma, na tunaitaja kwa jina lake. Lakini mtoto aliyelala Sanayeh hakumzingira mtu. Na Wasyria zaidi ya milioni moja walipokimbia, waliandikishwa Lebanon.

Limebaki la fikihi. Anayeogopa kwamba zaka yake itafika pasipo mahali pake, azuie zaka yake, atoe sadaka. Sadaka hupewa hata asiye Muislamu, na wanafunzi wetu hulisoma hilo kabla hawajafika mlango wa Hija.