BUKOBA–MWANZA: HESABU SAA ZA KAZI, SI DAKIKA ZA ANGANI

Mfanyabiashara wa Bukoba au Muleba anayekwenda Mwanza kufuata bidhaa hujiuliza swali moja: ndege, meli au basi? Wengi hujibu kwamba ndege ndiyo ya haraka. Kwa maoni yetu, jibu hilo ni nusu ya hesabu.

Kwa mstari ulionyooka juu ya ziwa, kutoka kiwanja cha ndege cha Bukoba hadi cha Mwanza ni kilomita 175 hivi. Ndege ya panga boi inayokwenda kilomita 500 kwa saa ingemaliza umbali huo kwa dakika 21. Lakini ndege haina mwendo huo inapopaa wala inapojipanga kutua, hivyo weka dakika 40. Ongeza saa nzima ya kufika mapema na kupimiwa mizigo, kisha muda wa kusubiri mabegi. Kiwanja cha Bukoba kimo mjini, lakini cha Mwanza kiko Ilemela, mwendo wa kilomita 10 hivi hadi katikati ya jiji. Dakika 40 zimekwisha kuwa karibu saa tatu, nazo ni saa za mchana, wakati duka lako limefungwa.

Meli huondoka usiku, ikipitia Kemondo, na kufika Mwanza asubuhi. Ni safari ndefu zaidi, lakini muda inaokula ni wa usingizi. Ukishuka, maduka ya jumla yanafunguliwa. Basi nalo huzunguka ziwa kupitia Biharamulo na Geita, zaidi ya mara mbili ya umbali wa angani. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025 na kuondoa foleni ya kivuko, lakini siku yako ya kazi bado inaishia barabarani.

Ndege basi inalipa lini? Inalipa pale unapoweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, au unapobeba kitu chepesi chenye bei kubwa, kama vanila, au kinachoharibika upesi, kama senene wabichi. Ndizi na magunia ya kahawa hayana sababu ya kupanda ndege. Kilo zake zitameza faida yote.

Jambo la mwisho ni hali ya hewa. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani karibu na kiwanja cha Bukoba wakati hali ya hewa ikiwa mbaya. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki. Rubani akiahirisha safari au akigeuza, usinung'unike. Usiweke ahadi ya kulipa deni au kufunga mkataba saa moja baada ya kutua. Na majini vilevile: mv Bukoba, iliyozama Mei 21, 1996 ikiwa imejaa kupita kiasi, inatosha kutukumbusha kuikataa meli iliyojaa, hata kama soko linasubiri.

Ushauri wetu ni huu: kabla ya kukata tiketi, andika nauli, gharama ya mizigo na saa za duka utakazopoteza. Njia yenye jumla ndogo, na yenye usalama, ndiyo ya haraka kwa mfuko wako.