Swali Kwanza, Fomula Baadaye

Masomo mengi ya fizikia mtandaoni humpa mwanafunzi kasi ya mwanga, takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, aikariri na kusonga mbele. Inasikitisha, kwa sababu namba hiyo ilizaliwa na swali zuri: mwanga husafiri, au hufika papo hapo? Mwaka 1676, mjini Paris, Ole Rømer wa Denmark alionyesha kwamba kupatwa kwa Io, mwezi wa Mshtarii, kulizidi kuchelewa Dunia ilipokwenda mbali na sayari hiyo, na kuliwahi ilipoikaribia. Basi mwanga hutumia muda njiani! Darubini, saa na daftari la nyakati vilitosha. Walimu mnaoandaa masomo haya, wapeni vijana zile nyakati wazichambue wenyewe kabla ya kuwapa fomula.