FEDHA ZA CHUO KIKUU: NI NANI ASTAHILIYE?

Kila mwaka majibu ya mtihani wa kidato cha nne yatangazwapo, hapakosi nyumba katika Junju ambamo furaha ya asubuhi hugeuka kuwa hesabu ya jioni. Kijana amefaulu, majirani wamekuja kupongeza, na baba mtu ameketi chini ya mwembe akiihesabu minazi yake kimoyomoyo. Wazee wengi hudhani ya kuwa alama ndizo zileteazo fedha: mwenye A atapewa nyingi, na mwenye C+ atapewa kidogo. Tangu utaratibu mpya ulipoanza mwaka 2023 sivyo ilivyo, na dhana hiyo imewagharimu watu.

Alama hufungua mlango tu. Kinachopima kibaba ni hali ya nyumba. Mtu asiyepata C+ hawezi kupangiwa masomo ya shahada kwa udhamini wa Serikali, hata awe yatima asiye na kitu, ingawa vyuo vya ufundi viko wazi kwake kwa alama za chini zaidi, navyo vina udhamini na mikopo yake. Lakini akiisha kuuvuka mlango, mwenye C+ na mwenye A waliotoka katika nyumba za hali moja na kusoma kozi moja hupata fungu moja.

Sharti la pili husahauliwa. Udhamini hupewa yule aliyepangiwa chuo cha umma na idara ya Serikali ya kuwapangia wanafunzi, iitwayo KUCCPS. Aendaye chuo kikuu cha watu binafsi aweza kuomba mkopo, lakini udhamini hapati. Jambo hili huwaponza wengi, kwa kuwa barua za vyuo vile huja mapema na maneno yake ni matamu. Kijana wa Junju aliyepangiwa Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi, ambacho kilipata hati yake kamili mwaka 2013, asiibadili nafasi hiyo bila kwanza kujua anachoacha.

Mkopo wenyewe si jambo geni. Mwaka 1952 Serikali ya kikoloni ilianzisha mfuko wa kuwakopesha waliokwenda kusoma ng'ambo. Mwaka 1974 ukaja mpango wa mikopo kwa wanafunzi wa chuo kikuu nchini, na mwaka 1995 Bunge likaiunda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, yaani HELB. Jipya la mwaka 2023 ni kuigawa karo ya kila mwanafunzi mafungu matatu: udhamini usiorudishwa, mkopo urudishwao, na sehemu ya mzazi.

Kwa hesabu zilizotangazwa mwaka 2024, nyumba ziligawanywa madaraja matano. Daraja la kwanza ni la nyumba ipatayo si zaidi ya shilingi 5,995 kwa mwezi: udhamini asilimia 70, mkopo 25, mzazi 5. La pili, hadi shilingi 23,670: udhamini 60, mkopo 30, mzazi 10. La tatu, hadi shilingi 70,000: udhamini 50, mkopo 30, mzazi 20. La nne hufika shilingi 120,000, na mzazi hulipa 30. Juu ya hapo ni daraja la tano, ambalo mzazi hulipa 40. Fedha za matumizi, kutoka shilingi 60,000 kwa mwaka katika daraja la kwanza hadi 40,000 katika la tano, nazo ni mkopo, si zawadi.

Hapo ndipo mkulima wa minazi anapoumia. Karani wa mjini ana hati ya mshahara, na tarakimu yake inajulikana. Mwenye minazi huangua kila baada ya miezi mitatu hivi. Chukua mfano wa mzee auzaye nazi za shilingi 25,000 katika mwangusho mmoja. Kijana wake ameketi mbele ya kompyuta ya kukodi, na fomu yauliza, nyumba yenu yapata kiasi gani kwa mwezi? Mzee, ambaye hataki kuonekana mnyonge mbele ya watu, ajibu, "Ishirini na tano elfu." Basi ameingia daraja la tatu. Lau angaliigawa ile 25,000 kwa miezi mitatu, angaliona ni shilingi 8,333 kwa mwezi, daraja la pili. Na kama akitoa ujira wa mkwezi na nauli ya gari, zikabaki 16,000, kwa mwezi ni 5,333. Kwa kozi ya shilingi 200,000 kwa mwaka, daraja la tatu lamtaka mzazi atoe 40,000, la pili 20,000, na la kwanza 10,000. Kwa miaka minne tofauti ya la kwanza na la tatu ni shilingi 120,000, na yote imetoka katika jibu moja la haraka.

Haya si kumfundisha mtu kusema uwongo. Kuandika habari za uwongo ili kupata fedha za umma ni kosa, na maafisa hulinganisha maneno na mambo mengine: shule aliyosoma kijana na karo yake, ndugu wangapi wako masomoni, kama wazazi wote wawili wako hai, na kama kuna ulemavu nyumbani. Lakini heshima ya mzee haipungui kwa kusema kweli juu ya minazi yake. Inafaa hesabu ifanywe nyumbani, kwa karatasi, kabla ya kwenda Mtwapa au Kilifi, maana mwenye kompyuta hulipwa kwa kumaliza upesi. Vyeti vya kifo, kwa waliofiwa, vitafutwe mapema, na simu iwe imeandikishwa kwa jina la kijana mwenyewe.

Nchi nyingine zimepima kwa njia nyingine. Marekani, kati ya mwaka 2006 na 2011, ilikuwa na ruzuku iliyodai yote mawili pamoja, uhitaji na bidii: mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyeshuka chini ya alama 3.0 katika 4 aliikosa. Huku Kenya alama za kidato cha nne huulizwa mara moja tu, mlangoni.

Utaratibu huu wenyewe umepelekwa mahakamani. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilitamka ya kuwa haupatani na Katiba, na mwaka 2025 Mahakama ya Rufani ikaisimamisha hukumu ile. Kwa hiyo tarakimu za mwaka mmoja zisichukuliwe kuwa za mwaka unaofuata bila kuulizwa. Aliyewekwa katika daraja lisilo lake anaweza kukata rufani. Wanafunzi wengi walifanya hivyo mwaka 2024. Rufani huenda pamoja na ushahidi, na barua ya chifu iliyoandikwa baada ya siku ya mwisho haisaidii kitu.