Ustadh, Quran Haihitaji Cheti cha Maabara

Kila Ramadhani simu yangu hujaa ile video. Unaijua. Nyota zinazunguka, kaswida inalia kwa nyuma, kisha sauti nzito inasema eti wanasayansi wamegundua juzi tu kilichosemwa na Quran miaka 1,400 iliyopita: mlipuko mkuu ulioanzisha ulimwengu. Ushahidi ni aya ya 30 ya Suratul Anbiyaa, inayosema mbingu na ardhi zilikuwa zimeambatana, kisha Mungu akazitenganisha. Takbir! Mtumie mwenzako.

Mimi ni Muislamu, na video hiyo inanikera.

Hebu tumuulize Tabari, aliyefariki mwaka 923 na ambaye tafsiri yake bado inaheshimiwa. Kwenye aya hiyo anataja rai zaidi ya moja. Kuna waliosema mbingu na ardhi zilishikana, zikabanduliwa. Wengine walisema mbingu ilikuwa imefumba, hainyeshi, na ardhi nayo imefumba, haioti kitu, hadi Mungu akaifungua moja kwa mvua na nyingine kwa mimea. Aya yenyewe inaendelea kutaja maji na kila chenye uhai, kwa hivyo hawakuwa wakibahatisha. Mlipuko hawakuuona. Mbona sisi tumeuona baada ya 1965, Penzias na Wilson walipoinasa kwa antena miale hafifu iliyobaki tangu mwanzo wa ulimwengu? Kabla ya hapo, wanasayansi wakubwa kama Fred Hoyle walishikilia kwamba ulimwengu hauna mwanzo. Siku hizo aya ilikuwa imekosea?

Hata Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji ambaye ni mmoja wa waasisi wa nadharia hiyo, hakupendezwa Papa Pius XII alipoitumia mwaka 1951 kuutetea uumbaji. Padri huyo! Sisi tunakimbilia alikokataa kwenda.

Kinachoniudhi zaidi ni kuchaguachagua. Ustadh anayeukumbatia mlipuko mkuu, mtajie Mvulana wa Turkana uone uso unavyokunjamana. Mifupa hiyo iligunduliwa na Kamoya Kimeu, Mkenya mwenzetu, mwaka 1984 huko Nariokotome. Ina takriban miaka milioni 1.5. Hapo sayansi inageuka ghafla kuwa njama ya makafiri. Si pilau ya harusi hii, uchague nyama uache wali.

Sisemi haya kwa kuringia digrii. Sina. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda. Nasema kwa sababu ya mtoto wa amu yangu. Alikuwa akitusalisha tarawehe nyumbani, sauti yake wallahi ilikuwa ikimtoa bibi machozi. Imani yake ilijengwa kwa video hizi, moja baada ya nyingine. Alipoanza kusoma bayolojia chuoni, zikabomoka kwa muhula mmoja. Aliporudi akamuuliza ustadh wake, akaambiwa aombe toba kwa kuuliza. Siku moja akaniambia, "Kama hili walinidanganya, mangapi mengine?" Haswali tena.

Na nafasi ya kuuliza ilikuwepo! Suratul Hajj inasema siku moja kwa Mola ni kama miaka elfu ya hesabu yetu, na Suratul Maarij inataja siku ya miaka elfu hamsini. Kitabu chenyewe hakikutufunga kwenye zile siku sita kwa saa ya ukutani. Ghazali, aliyefariki mwaka 1111 na ambaye hakuna ustadh atakayemwita msekula, alionya kwamba anayepinga maelezo ya wanahisabati kuhusu kupatwa kwa jua, akidhani anaitetea dini, anaidhuru dini hiyo hiyo. Mahesabu yamethibitishwa. Ukimwambia aliyeyafanya kwamba dini inayakataa, ataitilia shaka dini, si mahesabu yake.

Ndicho kilichotokea nyumbani kwetu.

Ustadh, ukija Nairobi nipigie. Mifupa ya yule mvulana inahifadhiwa na Makumbusho ya Kitaifa, na matatu za kufika huko hazikosekani. Kiingilio nitakulipia mimi. Nitamwomba na mtoto wa amu aje, na safari hii akiuliza, usimwambie aombe toba.